Kazi ya mzazi haiishii Mombo

Vyuo vikuu vyetu vinafunguliwa wakati mbaya kwa mkulima wa Usambara. Mwishoni mwa Oktoba kuingia Novemba ndipo vuli inapoanza milimani, na shamba linadai mbegu, mbolea na ujira wa vibarua kwa mpigo. Viazi vya masika vimeshauzwa tangu Julai na Agosti, tena kwa lumbesa na kwa bei aliyoipanga dalali. Kabichi za msimu unaofuata ndiyo kwanza ziko kitaluni. Fedha iliyobaki ndani ni ya mbolea, na ndiyo hiyohiyo kijana anayoitazama, maana barua ya udahili imeshaingia kwenye simu yake ikiwa na orodha ndefu: ada, usajili, bima ya afya, kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi, malazi.

Wazazi wa Mlalo, Mtae, Bumbuli na Soni hufanya wanachoweza siku hizo. Mbuzi anauzwa. Mama anaomba zamu yake ya kikoba isogezwe mbele. Mjomba aliyeko Tanga anapigiwa simu, naye anaahidi kuangalia. Alfajiri ya safari kijana anasindikizwa hadi stendi ya Lushoto, wengine hadi Mombo, ambako barabara ya mlimani inakutana na ile ya Dar es Salaam na Arusha. Ana begi jipya, godoro lililofungwa kamba na kiroba cha viazi. Basi likishaondoka, wazazi wanarudi juu na mioyo myepesi: wamemfikisha chuo, mengine ni yake.

Hapo ndipo tunapokosea hesabu. Kumfikisha kijana chuoni ni kazi ngumu, lakini ni ya siku chache. Miezi tisa inayofuata ndiyo inayoamua kama atarudi mwaka wa pili, na mchango wa nyumbani katika miezi hiyo hauhitaji mbuzi mwingine. Unahitaji fedha ndogo inayofika kwa tarehe inayojulikana, na wazazi ambao kijana anaweza kuwapigia simu akawaambia amefeli.

Wasio na wa kumuuliza

Mzazi halaumiwi kwa kutoyajua haya, kwa sababu hata historia ya elimu yetu haikumpa mwalimu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, na hadi katikati ya miaka ya 1980, kijana aliyemaliza kidato cha sita hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alipitia JKT, akafanya kazi, akapendekezwa, ndipo akapanda Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa enzi hizo alikuwa mtu mzima, wengine wakiwa na wake na watoto, na gharama zake zilibebwa na serikali. Hakuwa na sababu ya kumwomba baba yake hela ya kula. Uchangiaji wa gharama ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa 2007, vyuo vingine vikaongezeka, na watoto wa wakulima ambao katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuvaa joho wakaanza kupata nafasi kwa wingi. Hawa ndio wanafunzi wa leo. Wana miaka 19 au 20, na nyumbani hakuna wa kumuuliza.

Kuna pia jambo la juzijuzi. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita ikafutwa mwaka 2022/23. Ni neema, hakuna ubishi. Lakini mzazi aliyezoea kutoa sare, madaftari, nauli na michango ya hapa na pale sasa anakutana na ada ambayo kwa kozi nyingi za vyuo vya umma huanzia karibu milioni moja kwa mwaka, kabla hujagusa chakula wala chumba. Hiyo ndiyo ankara yake ya kwanza nzito ya elimu, na inamkuta hajajipanga kwa sababu kwa miaka sita hakuna aliyemdai.

Msaada wa kwanza kabisa ni wa karatasi za kuombea mkopo wa Bodi, na unaanza kabla hata matokeo ya kidato cha sita hayajatoka Julai. Wakati huo vijana wengi wako kambini kwenye mafunzo ya JKT ya mujibu wa sheria, kwa hiyo anayebaki kuhangaika ni mzazi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Mdhamini lazima awe na kitambulisho cha taifa. Aliyefiwa na mzazi anatakiwa kuwa na cheti cha kifo, jambo ambalo familia nyingi hazikulifikiria siku ya maziko. Halafu kuna majina. Hamisi kwenye cheti kimoja ni Hamis kwenye kingine, na majina yetu ya She- na Shem- kila karani ameyaandika kwa mkono wake. Tofauti ya herufi moja inaweza kukutafutisha wakili au hakimu wa kukuapisha, na kutoka Mtae kwenda Lushoto mjini na kurudi ni siku nzima iliyokwenda. Mwenye mtoto kidato cha tano leo ayatoe makaratasi hayo kabatini wiki hii ayalinganishe, herufi kwa herufi.

Blanketi mbili na mbu mmoja

Lushoto iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliipendea ubaridi wake, wakaiita Wilhelmstal na kuifanya mahali pa kukimbilia joto la pwani na homa zake. Baridi iliyowaponya wao ndiyo inayomponza mtoto wa Lushoto anaposhuka. Malaria milimani ni kidogo ukilinganisha na bondeni, na mwili uliokua bila kuugua malaria mara kwa mara haujajijengea kinga kama ya kijana wa Muheza au Kilosa. Wote wawili wataumwa na mbu walewale wa Morogoro, lakini aliyetoka Magamba ndiye atakayelazwa.

Ukimwangalia mama wa milimani anavyofungasha, utaona anamwandaa mwanawe kwa baridi anayoijua yeye. Blanketi mbili nzito, sweta la kufumwa, soksi. Begi linajaa, linakwenda Dar es Salaam ambako Novemba mtu analala juu ya shuka na bado analoa jasho. Blanketi moja inatosha, isipokuwa kama mtoto anakwenda Iringa au Mbeya. Nafasi iliyobaki iwekwe chandarua chenye dawa, na liwepo agizo moja la mkato: ukipata homa, siku hiyohiyo nenda zahanati ukapime damu. Asisubiri wikiendi wala asimeze vidonge alivyopewa na mwenzake wa chumba. Wanafunzi wengi huziita dalili za kwanza uchovu wa kusoma. Bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi imetozwa Sh50,400 kwa mwaka, ni kati ya vitu ambavyo wazazi hujaribu kuviruka fedha inapopungua. Kwa mtoto anayeshuka kutoka milimani, hiyo ndiyo ya kulipwa mwanzo.

Mzazi wa Lushoto anayetaka kuona mgeni wa mwaka wa kwanza alivyo hana haja ya kusafiri. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko palepale mjini, na kila mwaka kinapokea vijana kutoka mikoa yote. Waangalie wale wa pwani Juni na Julai, ukungu unapokaa hadi saa nne asubuhi: wamevaa vijaketi vya fasheni, mikono kwapani, wanaulizana maji ya moto yanapatikana wapi. Mama ntilie anayemwongezea mmoja wao chai bila kumdai anajua kabisa yule ni mtoto wa mtu. Mtoto wake naye yuko hivyohivyo huko Ubungo, ila kinachomtesa ni joto.

Laki sita kwenye simu

Sasa tuje kwenye fedha, ambako ndiko kwenye vita vyenyewe.

Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi wanaiita bumu, ilipandishwa mwaka 2022/23 kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku, kwa ajili ya chakula na malazi. Haitolewi siku kwa siku. Inakuja kwa awamu, kila moja ya takribani miezi miwili, na mwanafunzi anasaini kwa alama ya kidole ndipo iingie kwenye akaunti yake. Kwa aliyepangiwa kiwango kamili, siku 60 ni Sh600,000. Kijana ambaye hajawahi kushika elfu hamsini iliyo yake peke yake anaamka asubuhi ana laki sita.

Fedha hiyo huharibikia mahali pawili. Chuoni panajulikana: simu mpya, viatu, kuku na chipsi za wiki mbili za mwanzo, rafiki aliyekopa na kupotea. Wazazi wanalisema sana hilo. Wasilolisema ni la nyumbani.

Baba anaijua hesabu ile. Laki sita ni fedha ambayo kabichi huenda haijampa msimu mzima, ukitoa mbolea, vibarua na nauli ya fuso. Mdogo wake kijana anadaiwa mchango shuleni. Bibi miguu imevimba. Bati la jikoni limetoboka na vuli imeanza. Hakuna anayemwamuru kijana atume chochote. Anaambiwa tu hali ilivyo, kwa sauti ya kawaida, na kwa kuwa amelelewa vizuri anatuma mwenyewe. Laki mbili zikipanda mlimani wiki ya kwanza, wiki ya sita atakuwa anakula mlo mmoja na kukaa nyuma darasani ili asinzie bila kuonekana.

Nasema bila kumung'unya: mzazi asiipokee fedha hiyo. Akiipokea basi aihesabu kuwa amemkopa mtoto, aipangie siku ya kuirudisha. Bumu ni deni. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe. Bati lile la jikoni atalilipia yeye akiwa mwalimu au mhasibu wa miaka thelathini, tena kwa fedha aliyopewa ale.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Ukoo mzima ulichangia, kwa nini asirudishe? Mei 1964, akizungumzia Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula kingine. Akila na asirudi, ni msaliti. Mfano huo tumeushika vizuri upande wa kurudi. Tumeusahau upande wa safari. Mtu yule alipewa kile chakula akile njiani. Hakutakiwa kukirudisha kijijini kabla hajafika alikotumwa.

Halafu kuna wiki za mwanzo, ambazo ni mbaya kuliko zote. Bumu halimsubiri mwanafunzi getini. Lazima asajiliwe kwanza, taarifa ziende Bodi, majina yapangwe, asaini. Kuna ambao majina yao hayamo awamu ya kwanza, na kuna wanaokosa kabisa na kuanza kukata rufaa. Wiki kadhaa hupita huku kijana akila kwa kile alichotoka nacho. Hapa ndipo kalenda ya shamba inapotakiwa kukutana na kalenda ya chuo: mzazi atenge akiba Agosti, viazi vinapouzwa, asisubiri Oktoba mfuko ukishaingiliwa na mbolea. Chukulia Sh5,000 za chakula kwa siku kwa wiki sita. Hiyo ni Sh210,000. Iwekwe kwenye kikoba au kwenye simu ya mama, na ijulikane ndani ya nyumba kuwa haiguswi hata mvua ikinyesha mapema.

Kwa ambaye hakupata mkopo, au amepata sehemu tu, mzazi atalazimika kutuma mwaka mzima. Mkulima hutuma anapouza. Wiki moja laki, kisha wiki tano kimya, kisha elfu ishirini na maelezo marefu. Kijana hawezi kupanga maisha juu ya bei ya kabichi ya soko la Ilala. Elfu kumi na tano inayofika kila Jumatatu inamsaidia kuliko laki moja isiyojulikana siku yake, kwa sababu anayejua Jumatatu ipo huvumilia Jumapili, na asiyejua hukopa. Ada, kwa upande wake, isipitie mfukoni kwa mtoto. Vyuo hutoa namba ya malipo ambayo mzazi anaweza kuilipia benki au kwa simu akiwa Soni, na vingi vinaruhusu kulipa kwa awamu. Tusitafsiri hilo kama kutomwamini mtoto. Ni kumpunguzia jaribu moja.

Vyakula navyo vina mahali pake. Fuso la mboga linaloshuka usiku kwenda Ilala linaweza kubeba kiroba cha viazi, maharage na karoti, kijana akakipokea alfajiri kwa dereva anayefahamika. Ila kwanza ulizeni anaishi wapi. Kwenye hosteli nyingi za vyuo kupika ni marufuku, na viazi vitachipua chini ya kitanda. Aliyepanga geto mtaani ndiye kitakayemfaa. Huyo naye ana mtihani wake: wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam wanadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ndiyo maana asiyeweza huishia kubebwa, yaani kulala kitanda kimoja na mwenzake mwenye chumba hosteli. Mzazi akisikia mwanawe "anabebwa" asidhani amepatwa na jambo la aibu. Ajue chumba kimekosekana, na aulize kitapatikana lini.

Ripoti haiji nyumbani

Sekondari ilimzoesha mzazi ripoti. Kila muhula karatasi ilikuja ikiwa na nafasi ya mwanafunzi darasani, maoni ya mwalimu wa darasa na muhuri wa mkuu wa shule. Chuo kikuu hakileti kitu. Matokeo yanawekwa kwenye mfumo wa kompyuta na mwanafunzi anaingia kwa nenosiri lake. Wamarekani wameliandikia hilo sheria tangu mwaka 1974: mwanafunzi akishaingia chuo, kumbukumbu zake za masomo ni haki yake yeye, hata kama anayelipa ni baba. Kwetu mambo huendeshwa hivyohivyo. Mzazi atajua tu yale anayoambiwa, na ataambiwa kufuatana na alivyoyapokea ya mara ya kwanza.

Ndiyo maana simu ya kwanza ya habari mbaya ina thamani kubwa. Kwa kawaida inakuja baada ya mitihani ya muhula wa kwanza, mwezi wa pili au wa tatu. Kijana aliyekuwa wa tatu darasani kwao anakutana na ukumbi wa watu mia kadhaa, wote waliokuwa wa kwanza, wa pili na wa tatu kwao. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kazi za darasani na majaribio hubeba alama 40, mtihani wa mwisho 60, na ambaye hakuelewa mapema kwamba majaribio ya Desemba yanahesabiwa huingia mtihani wa Februari akiwa tayari nyuma. Anapata sapu moja au mbili, yaani atarudia mitihani hiyo. Sapu haimfukuzishi mtu. Kinachomfukuzisha, ambacho wenyewe wanakiita kudisko, ni wastani ulioporomoka chini ya kiwango cha chuo.

Mzazi akipigiwa simu hiyo na jibu lake likawa "na mbuzi tuliyemuuza!", amepata taarifa yake ya mwisho ya kweli. Kuanzia siku hiyo kila kitu kitakuwa "safi tu, baba". Kisa cha wazazi waliokodi gari hadi kwenye mahafali na kukuta jina la mtoto halimo kitabuni kinasimuliwa kama kichekesho. Ukikifuatilia mwanzo wake, mara nyingi utaifikia simu moja ya mwaka wa kwanza iliyojibiwa kwa ukali.

Mzazi aliyeishia darasa la saba hana haja ya kujua kemia ili ausaidie usomaji wa mwanawe. Ana maswali yake. "Unasoma?" ni swali lisilo na jibu zaidi ya ndiyo. Aulize: somo gani linakusumbua? Unajadiliana na akina nani? Jaribio limerudi, umepata ngapi kwa ngapi? Mwalimu wako umeshawahi kwenda kumwona ofisini? Mama muuza mboga wa Lukozi ambaye kila wiki anakumbuka kuuliza habari za lile somo la takwimu anafanya kazi ambayo chuo chenyewe hakiwezi kumfanyia.

Ajue pia kwamba kuna milango. Kila chuo kina ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Mwanafunzi aliyeugua, aliyefiwa, au aliyekwama ada kabisa anaweza kuomba kuahirisha masomo kwa maandishi na kurudi baadaye na nafasi yake ikiwepo. Anayetoweka kimyakimya, akarudi kulima viazi Shume bila kuaga, ndiye anayeipoteza. Nimeona familia zikifanya hili la pili kwa aibu tu, wakati la kwanza lilihitaji barua ya ukurasa mmoja na vyeti vya hospitali.

Simu yenyewe imekuwa mlango wa matapeli. Ile ya "tuma kwa namba hii" tumeshaigeuza utani, lakini mzazi wa mwaka wa kwanza anapigiwa iliyo nzito zaidi: mwanao ameanguka, yuko wodini, daktari anataka laki mbili haraka. Kubalianeni swali moja la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulijibu, jina la ng'ombe aliyekufa mwaka juzi linatosha, na msitume senti kabla hamjalisikia jibu. Baya zaidi ni mikopo ya mitandaoni, ile kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Programu hizi huchukua majina yote yaliyomo kwenye simu ya mkopaji, na siku ya kulipa ikipita ujumbe unatumwa kwa kila mtu. Ndivyo baba anavyojikuta dukani Mlalo akisoma kwenye simu yake kwamba mwanawe ni tapeli anayetafutwa. Asimrukie. Deni hilo karibu kila mara lilianza kama elfu thelathini ya chakula, katika wiki ambayo nyumbani hakukuwa na Jumatatu.

Kuhusu mabinti, tuache kunong'ona. Mama wengi humwambia binti anayeondoka "ujitunze", basi. Hajui ajitunze na nini. Aambiwe wazi kwamba mtu mzima anayejitolea kumlipia chumba ana bei yake. Aambiwe pia kwamba mhadhiri anayetaka mwili ili atoe alama anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na kwamba TAKUKURU hupigiwa bure kwa 113. Kubwa kuliko sheria, asikie kwa kinywa cha baba yake kwamba akija na habari ya namna hiyo hataulizwa alivaa nini. Baba wa kwetu huona haya kuyasema. Basi amtume shangazi, lakini yasemwe kabla ya basi kuondoka.

Likizo ndefu ikifika, kati ya Julai na Oktoba, kijana aliyevuka mwaka atarudi amebadilika. Atalala hadi saa tatu, ataona kila mtu anaamka mapema mno, atajibizana na mjomba wake juu ya siasa. Hayo yatapita. Wanaosomea ualimu huwa na mafunzo kwa vitendo mwishoni mwa mwaka huu wa kwanza, na anayeweza kupangiwa shule ya karibu na kwao huokoa kodi na chakula cha wiki hizo, ilimradi awahi kufuatilia nafasi. Mzazi anaweza kumsaidia kwa kumuulizia mapema shuleni kama masomo yake yanahitaji mwalimu. Nyumba itakuwa na mwalimu anayetaka maji ya moto saa kumi na moja na shati lililopigwa pasi, na baba aliyezoea kumtuma dukani atajifunza kumwita mwalimu mbele ya watoto wa jirani, angalau hadi saa tisa alasiri.